Mlegeo wa Milimita, Mita za Kusimama

Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 17 kila sekunde. Dereva akiona hatari mbele, sekunde moja hivi hupita kabla ya breki kuanza kazi, na mita hizo 17 zinakwenda bure. Akikamata breki zote mbili vizuri kwenye lami kavu, atahitaji mita nyingine 23 hivi ndipo asimame. Jumla ni mita 40. Kwa kilomita 80 kwa saa jumla inafika mita 63. Na anayetegemea breki ya nyuma peke yake atazihitaji hizo mita 63 hata akiwa kwenye 60, kwa sababu breki ya nyuma haimpi zaidi ya nusu ya nguvu ya kusimama.

Hesabu hii inachukulia kwamba breki inashika pale pale unapoigusa. Waya wa breki uliolegea kupita kiasi huweza kula theluthi ya sekunde kabla ya kuvuta chochote. Kwenye mwendo wa 60 hiyo ni mita tano na nusu, zaidi ya urefu wa gari dogo.

Karibu kila sehemu inayosogea kwenye pikipiki ina kiasi chake cha kulegea kilichopangwa na mtengenezaji. Mafundi hukiita plei. Hatari ya kitu kilicholegea inaeleweka haraka kwa sababu kinapiga kelele na kucheza. Hatari ya kitu kilichokazwa mno haionekani, na ndiyo tunayokutana nayo zaidi kwenye pikipiki ambazo mwenyewe anaamini amezitunza.

Cheni

Tuanze na cheni. Weka pikipiki kwenye stendi kama kitabu chake kinavyoelekeza, gia iwe huru, injini izimwe na ufunguo utolewe. Usiguse wala kupaka oili cheni inayozungushwa na injini: kidole kikivutwa kati ya cheni na sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, hakitoki kizima. Shika cheni ya upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, isukume juu hadi mwisho kisha ishushe. Umbali wote iliosogea ndio mlegeo wake. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 ni milimita 20 hadi 30, lakini kipimo cha yako kiko kwenye kitabu au kwenye stika karibu na gurudumu la nyuma. Zungusha gurudumu robo moja, pima tena, na tena, kwa kuwa cheni hailiki sawasawa urefu wake wote. Marekebisho hufanywa pale ilipokaza kuliko kwingine.

Kwa nini iachwe ilegee? Dereva na abiria wakikaa, shokapu za nyuma hushuka na umbali kati ya sproketi mbili hubadilika. Cheni iliyokuwa imenyooka vizuri pikipiki ikiwa tupu hugeuka kama fimbo ya chuma pindi pikipiki iliyobeba mzigo inapoingia kwenye shimo. Nguvu yote ya mshtuko huo huvuta beringi ya giaboksi na beringi za gurudumu, na siku moja cheni hukatika. Iliyolegea mno nayo huruka kwenye meno. Ikijisokota kwa mbele huweza kupasua kava la injini. Ikijisokota nyuma hufunga gurudumu likiwa kwenye mwendo.

Kuirekebisha si kazi ngumu. Legeza nati ya ekseli ya nyuma, zungusha nati ndogo za kurekebishia za kushoto na kulia kwa kiasi kile kile, na uhakikishe alama za pande zote mbili zinalingana. Zikipishana hata alama moja, gurudumu linakaa upande, tairi linalika vibaya na pikipiki inavuta kando. Kaza ekseli, kisha pima mlegeo mara ya pili, maana kukaza ekseli mara nyingi hubadilisha kipimo. Kama ekseli ina pini ya usalama, irudishe, na iwe mpya.

Halafu kuna hatua inayosahauliwa sana. Kwenye pikipiki yenye breki ya ngoma nyuma, gurudumu likivutwa nyuma, fimbo ya breki hukazwa pamoja nalo. Breki hubaki imegusa ngoma kidogo bila wewe kujua, inachemka njiani na kupoteza nguvu. Kwa hiyo kila unaporekebisha cheni, rekebisha pedali ya breki pia: iwe na mlegeo wa milimita 20 hadi 30 kwenye ncha, gurudumu lizunguke kwa mkono bila kukwaruza, na taa ya breki iwake pedali inapoanza kushika.

Oili ya cheni hupakwa baada ya safari, cheni ikiwa ya moto, kwa sababu oili hupenya vizuri kwenye rola. Paka upande wa ndani wa cheni ya chini ili mzunguko uisukume oili kwenda nje, kisha futa inayozidi kwa kitambaa. Oili nzito ya giaboksi, ile ya SAE 90, inafaa. Kila kilomita 500 ni kiasi kizuri, na mara baada ya kunyeshewa au kupita kwenye matope. Ikichafuka sana, isafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini; petroli iache kabisa. Ukifungua kiungo cha cheni chenye klipu, upande wa klipu uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda. Ukigeuzwa, jiwe moja tu linatosha kuitoa. Meno ya sproketi yakianza kupinda kama ndoano, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno ya zamani huliwa haraka.

Breki ya mbele

Madereva wengi huiogopa breki ya mbele kwa imani kwamba inapindua. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani na kupata mshiko zaidi, la nyuma linapungukiwa. Ndiyo maana breki ya nyuma ikibanwa kwa nguvu, gurudumu hufunga na kuteleza upesi.

Kinachoangusha ni kuikamata kwa ghafla kabla uzito haujahama. Rudisha mkono wa mafuta, nyoosha pikipiki, kanyaga ya nyuma na kamata ya mbele kwa pamoja. Ya mbele ianze taratibu mpaka usikie shokapu za mbele zinashuka, ndipo uongeze nguvu. Zoezi hili lifanyiwe kwenye uwanja mtupu wa lami kwa mwendo wa 20 hadi 30, mara nyingi, mpaka mkono uzoee. Gurudumu la mbele likifunga, achia mara moja kisha kamata upya. Kwenye pikipiki yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, kamata tu, usiachie. Mtetemo unaousikia mkononi ni mfumo unafanya kazi. Kwenye kona, mchanga au kokoto mambo hubadilika: punguza mwendo kabla ya kuingia, kwa sababu tairi linalotumia mshiko wake kugeuka halina wa kutosha kwa ajili ya breki kali.

Breki ya ngoma ina mshale mdogo karibu na mkono unaovutwa na waya au fimbo. Kamata breki kikamilifu. Mshale ukifikia alama iliyochongwa kwenye kava, breki shuu zimekwisha, na kuendelea kukaza nati ni kujidanganya. Kwa breki ya diski angalia unene wa padi, na usipuuze mkono wa breki unaobonyea kama sifongo: hiyo ni hewa ndani ya mpira wa breki, au oili ya breki iliyochoka. Oili hiyo ya aina ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani, na maji hayo huchemka breki inapopata moto. Ibadilishwe kila miaka miwili. Weka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, wala usichanganye na DOT 5 ambayo ni ya silikoni.

Mteremko mrefu ushukwe kwa gia ndogo, injini ikisaidia kuzuia. Kuzima injini ili kuokoa petroli ni akiba ya hasara: unabaki na breki peke yake, na mwisho wa mteremko ndipo utakapozihitaji zikiwa zimeshachemka.

Mlegeo mwingine mdogo

Mkono wa klachi unatakiwa kulegea milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Bila mlegeo huo klachi haishiki kikamilifu, injini inanguruma lakini mwendo hauji, na sahani zake zinaungua. Mkono wa mafuta uwe na milimita 2 hadi 6. Uwashe moto pikipiki ikiwa imesimama, ugeuze usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Mlio wa injini ukipanda wenyewe, waya wa mafuta unavutwa mahali fulani, na utakapokata kona kali pikipiki itaongeza mwendo bila ruhusa yako.

Vali za injini, zinazofungua na kufunga njia za gesi, ndizo zinazodanganya masikio. Kwenye injini nyingi ndogo nafasi yake ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na hupimwa kwa fila geji, vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, injini ikiwa imepoa kabisa. Mlio mdogo wa kugonga huwakera wenye pikipiki, nao humwomba fundi aukaze uishe. Vali isiyo na nafasi haifungi sawasawa inapopata joto. Gesi ya moto hupenya pembeni yake na kuiunguza. Kati ya vali inayogonga kidogo na iliyo kimya, tungechagua inayogonga.

Kwa usukani, inua gurudumu la mbele juu ya ardhi, shika sehemu ya chini ya uma na uvute mbele na nyuma. Ukisikia mgongano, beringi zimelegea. Kisha uzungushe taratibu: ukikwama kidogo pale katikati, beringi zimechimbika na zinahitaji kubadilishwa, kwani kuzikaza hakutazirudisha.

Tairi na oili

Upepo upimwe kwa geji tairi likiwa limepoa, si kwa kulipiga teke. Pikipiki ndogo nyingi huandikiwa psi 25 mbele na 28 hadi 33 nyuma, kutegemea kama kuna abiria. Stika ya pikipiki yako ndiyo yenye neno la mwisho. Upepo mdogo hulifanya tairi lijikunje na kuchemka, na huweza kulifanya lizunguke ndani ya rimu likiivuta tyubu. Ukiona vali ya tyubu imeinama badala ya kusimama wima, hilo limeshaanza, na bila kurekebishwa itakatika ghafla. Tairi likifika alama za mwisho wa kashata, liondoe. Umri wake nao umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Oili ya injini kwenye pikipiki nyingi hulainisha injini, giaboksi na klachi kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu baadhi ya oili za magari, zilizotiwa viungo vya kupunguza msuguano, huifanya klachi iteleze. Tafuta maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Kuipima, iache injini ingurume dakika 3 hadi 5, zima, subiri dakika 2 au 3, pikipiki ikiwa imesimama wima. Kwa aina nyingi kijiti huchomekwa bila kukazwa. Pikipiki inayobeba watu au mizigo kutwa nzima ibadilishiwe oili kila kilomita 2,000 hadi 3,000, au mapema zaidi kama kitabu kinasema hivyo.

Kabla ya kuondoka

Hakikisha stendi ya pembeni imepanda. Iliyosahauliwa hugonga barabara kwenye kona ya kushoto na kuinua gurudumu. Abiria apande kutoka upande usio na ekzosi, miguu yote miwili iwe juu ya vikanyagio. Mtoto ambaye miguu yake haivifikii hajawa tayari kupakiwa.

Iliyobaki ni kofia ngumu, na hapo mlegeo hautakiwi. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kinga hiyo hutoka kwenye povu gumu la ndani, ambalo husinyaa na kumeza kishindo. Husinyaa mara moja tu, kwa hiyo kofia iliyowahi kupigwa kwenye ajali inatupwa hata kama nje haina mkwaruzo. Kuijaribu, ivae, funga kamba ikae karibu na koo, kisha shika ukingo wa nyuma chini kabisa na uisukume kwenda juu na mbele kwa nguvu, kama unayetaka kuivua. Ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Ikivuka kichwa, kaza kamba na ujaribu tena. Ikivuka mara ya pili, tafuta kofia ndogo zaidi.