Wharram Percy: mahame yanayosingiziwa tauni

Kaskazini mwa Uingereza, kwenye vilima vya mawe ya chaki vya Yorkshire Wolds, kuna bonde dogo lenye kondoo na kanisa moja lisilo na paa. Hapo ndipo kilipokuwa kijiji cha Wharram Percy. Gari unaliacha juu, unashuka kwa miguu. Jua likiwa chini, vivuli huchora kwenye majani mistari ya kuta na mipaka ya viwanja, nyumba moja hadi nyingine, na katikati yake njia iliyozama kwa kukanyagwa karne nyingi.

Uliza kilichoua kijiji hiki, utajibiwa upesi: tauni, ile kubwa ya 1348 na 1349. Ni jibu linaloaminika kirahisi kwa sababu halimlaumu mtu. Lakini si kweli. Tauni iliua wengi katika nchi nzima, na hapa pia iliacha pengo, ila kijiji kilibaki. Mwaka 1368 bado zilihesabiwa nyumba karibu 30 zenye watu, na mwaka 1458 zilikuwa 16. Katika miaka hiyo vibarua walikuwa adimu na mashamba mazuri kwingine yalikuwa yakikosa wakulima, kwa hiyo mwenye nguvu alihama kutafuta afadhali.

Kilichomalizia ni uamuzi wa mwenye ardhi. Sufu ilikuwa inalipa kuliko nafaka, na mchungaji mmoja na mbwa wake walitosha mahali palipokuwa pakilimwa na familia kadhaa. Karibu na 1500, ukoo wa Hilton, waliomiliki ardhi hiyo, uliwaondoa wakazi wa mwisho. Uchunguzi wa serikali wa 1517 uliandika hasara yenyewe: plau nne zilizokomeshwa, nyumba nne zilizoachwa zianguke. Kati ya tauni na siku hiyo ilipita miaka 150 hivi. Familia hizo zilitolewa makwao zikiwa hai na zenye afya ya kulima, na naona ni haki yao tuseme hivyo waziwazi. Wala hazikuwa peke yake: Uingereza ina mahame ya namna hii yapatayo 3,000.

Dhana nyingine ilitoka kwa wataalamu wenyewe. Maurice Beresford na John Hurst waliongoza uchimbaji hapa kila kiangazi, kuanzia 1950 hadi 1990. Walipokuta misingi myembamba ya mawe ya chaki, mmoja juu ya mwingine, ilionekana kwamba wakulima wa zamani waliishi kwenye vibanda, kila kizazi kikijenga upya baada ya cha awali kubomoka. Baadaye mwanaakiolojia Stuart Wrathmell aliusoma upya ushahidi uleule na kuona kwamba paa halikubebwa na kuta. Lilibebwa na jozi za magogo yaliyopinda, yaliyosimamishwa pande mbili na kukutana kileleni. Ukuta ulikuwa wa kuziba upepo tu. Ungeweza kuutoa na kuujenga tena huku nyumba imesimama vilevile. Aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo hahitaji kuelezwa zaidi. Hiyo ilikuwa kazi ya seremala anayejua anachofanya.

Mwaka 2017 magazeti yalivuma na habari ya mifupa ya hapa iliyochomwa na kukatwa kwa visu, mifupa 137 ya watu wasiopungua kumi. Dhana mojawapo ilikuwa kwamba ni wageni waliotoka mbali. Meno yao yalipopimwa yalionyesha walikulia maeneo hayohayo. Watafiti wanaona maelezo yanayofaa zaidi ni hofu kwamba maiti hao wangefufuka na kuwasumbua walio hai. Ni tafsiri, lakini ni tafsiri inayouma, maana waliofanyiwa hivyo na waliofanya walikuwa majirani.

Wapo pia wanaodhani maisha ya shamba ya zamani yalikuwa na shibe na hewa safi. Mifupa ya makaburini inasema vingine: mtoto wa miaka 14 wa Wharram Percy alikuwa na urefu wa mtoto wa miaka 10 wa leo. Mama walinyonyesha hadi karibu miaka miwili. Walichokipata watoto baada ya kuachishwa ziwa ndicho kilichokuwa haba.

Na kanisa halikufa pamoja na kijiji. Waumini walibaki, wakija kwa miguu kutoka vitongoji jirani kama Thixendale, hadi nako kulipojengwa kanisa karne ya 19. Ukutani utaona matao yaliyozibwa kwa mawe: ndipo zilipokuwa sehemu za pembeni za kanisa, zilizoongezwa watu walipokuwa wengi na kubomolewa walipopungua. Ibada ziliendelea hadi karne ya 20. Mnara ulianguka nusu mwaka 1959, wachimbaji wakiwa tayari na miaka tisa ya kazi kwenye bonde hilo.