Je, wajua? Kwa nini gitaa kuukuu la 1959 huuzwa bei ya nyumba ya Nyali

Gibson Les Paul Standard ya mwaka 1959, ile yenye uso unaofifia kutoka wekundu wa pembeni hadi manjano ya katikati, ilitoka kiwandani Kalamazoo, Michigan, ikiuzwa chini ya dola 300. Haikupata wateja wa kutosha, na mwaka 1961 kampuni ikalibadilisha umbo. Kisha wapiga gitaa wa Uingereza kama Eric Clapton na Jimmy Page wakaonekana nayo, na leo iliyo zima, isiyoguswa, ni shida kuipata kwa chini ya dola 200,000. Kwa dola ya Sh130, hizo ni Sh26 milioni na ushei.

Maelezo ambayo karibu kila mtu anayo mdomoni ni haya: mbao imekomaa, sauti imeiva, na bei inafuata sauti. Kukomaa kwa mbao kuna ukweli kidogo. Kwamba bei inafuata sauti, hapana, na ushahidi uko kwa wauzaji wenyewe.

Tazama magitaa mawili ya mwaka mmoja, kiwanda kimoja. La kwanza lina vanishi yake ya tangu kuzaliwa, imechubuka na kupasuka mistari. La pili lilipakwa upya miaka ya sabini, na fundi aliyelipaka alijua kazi. Kanuni ya soko ni kwamba hilo la pili limepoteza karibu nusu ya thamani yake. Umri ni uleule, mbao ni ileile, pikapu (zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi) hazijabadilishwa. Kama pesa zilikuwa za sauti, nusu nzima imekwenda wapi?

Ukifungua kifuniko cha nyuma ukakuta mtu aliwahi kuchomea upya lehemu ya waya, bei inashuka tena, ingawa umeme haujali lehemu ni ya mwaka gani. Kichekesho zaidi ni freti, vile vyuma vinavyovuka shingo. Zikilika, gitaa hutoa mlio wa kukwaruza na noti hukatika, kwa hiyo anayepiga atataka zibadilishwe. Mkusanyaji atataka ziachwe. Yaani kuna ukarabati unaofanya gitaa lilie vizuri na papo hapo liuzwe kwa pesa kidogo.

Magitaa ya miaka ya sabini nayo yanasimulia hayohayo. Fender, kampuni nyingine ya magitaa, ilinunuliwa na CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, mwaka 1965 kwa dola milioni 13, na magitaa yake ya umeme aina ya Stratocaster ya muongo uliofuata, nyingi zikiwa nzito na shingo imeshikwa kwa skrubu tatu badala ya nne, zilidharauliwa kwa miaka mingi. Sasa zinatafutwa, kwa kuwa za miaka ya hamsini zimepaa mno. Mbao yake haikuamka siku moja ikaanza kuimba.

Halafu kuna yale yaliyoshikwa na watu mashuhuri, na hapo hata uorijino hauhesabiki. Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd, iliyouzwa mnadani New York mwaka 2019 kwa karibu dola milioni 4, ilikuwa imebadilishwa shingo, pikapu na vikorokoro vingine mara nyingi. Martin D-18E ya Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana, iliyouzwa mwaka 2020 kwa dola milioni 6, ni ya toleo ambalo kampuni ya magitaa ya Martin ilitengeneza kama 300 tu, kisha ikaliacha kwa kuwa halikupendwa. Hapo mtu ananunua mkono uliolishika.

Na huo ukweli kidogo kuhusu mbao ni upi? Ifikirie nyumba ya fito na udongo. Chembe ya mbao imejengwa hivyohivyo: selulosi ndiyo fito, inabeba uzito na ni ngumu; lignini ni udongo, unajaza nafasi na kusimamisha ukuta; hemiselulosi ni kamba za makumbi zinazofunga fito zisitawanyike. Masika yakija, kamba ndizo zinazonywa maji zaidi, zikavimba na kusukuma kila kitu kando. Ndani ya mbao pia hemiselulosi ndiyo yenye kiu kuliko wenzake, na ndiyo inayooza ya kwanza miaka ikipita. Baada ya miongo kadhaa kamba zimepungua. Ukuta umekuwa mwepesi kidogo, haunywi maji kama zamani, na fito zinagusana zenyewe kwa zenyewe. Wajenzi wa magitaa wanasema mbao ya namna hiyo haimezi mtikisiko haraka, hivyo noti inakaa. Ila kamba zikiisha ukuta pia unakuwa mwepesi wa kupasuka, jambo ambalo muuzaji halitaji sana.

Mabadiliko hayo hayahitaji miaka 60. Viwanda huoka mbao mpya kwenye tanuri lisilo na hewa ya kutosha, kwenye nyuzi joto 160 hadi 200 hivi, na hemiselulosi inavunjika kwa saa chache. Gitaa jipya lenye uso wa mbao iliyookwa utalipata kwa bei ya pikipiki, si ya nyumba.

Na je, sikio linatambua tofauti? Kwa magitaa makuukuu ushahidi ni haba, kwa hiyo inabidi kuazima kwa majirani. Mwaka 2012 Claudia Fritz na wenzake walichapisha jaribio ambalo wapiga fidla 21 walipewa fidla tatu mpya na tatu za kale, zikiwemo mbili za Stradivari, yule fundi mashuhuri wa fidla wa Italia, huku miwani myeusi ikiwazuia kuona walichoshika. Wengi walichagua mpya. Mwaka 2018 watafiti wa Lancaster, Uingereza, waliwapa wapiga gitaa 52 magitaa sita yaliyotofautiana mbao ya mgongo na mbavu tu, mojawapo ikiwa ile mbao ya Brazil inayoabudiwa na wakusanyaji. Alama za ubora wa sauti karibu zilingane. Majaribio hayo hayakupima umri wa gitaa moja kwa moja, kwa hiyo mtu asiyatumie kudai kwamba uzee hauna kazi kabisa.

Kinachosikika waziwazi ni namna gitaa lilivyoundwa. Martin za kabla ya mwisho wa 1944 zina vijiti vya ndani vya kutegemeza uso vilivyochongwa vyembamba, uso ukatikisika kwa urahisi. Kiwanda kiliacha kwa sababu nyuzi nene zilikuwa zikiharibu nyuso hizo. Mwaka 1976 walirudisha mchongo huo kwenye toleo la HD-28, nayo hadi leo unaweza kuinunua mpya. Kwa la umeme, pikapu za Gibson zilizobuniwa na mhandisi wake Seth Lover mwaka 1955 zilizungushwa kwa mashine zisizohesabu mizunguko sawasawa, ndiyo maana ukipima ukinzani wa umeme, moja inatoa kiloomu 7 na nyingine karibu 9. Baadhi ni tamu sana, baadhi ni za kawaida tu. Na usisahau kwamba magitaa mabaya ya 1959 yalitupwa au kuvunjwa zamani, yaliyobaki yamechujwa.

Aliyeko Mombasa ana hesabu yake ya ziada. Magitaa mengi hujengwa kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50. Huku kwetu asilimia 75 ni siku ya kawaida. Uso wa msonobari wenye upana wa sentimita 40 ungetanuka milimita 3 au zaidi kama ungekuwa huru. Kwa kuwa umegundishwa pembeni, unatuna juu. Daraja (kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi) linainuka, nyuzi zinakuwa mbali na shingo, vidole vinaumia. Gundi ya ngozi iliyotumika kwenye magitaa ya kale hulegea kwa joto pamoja na unyevu, kwa hiyo gari lililofungwa vioo kwenye foleni ya feri ya Likoni adhuhuri linatosha kung'oa daraja. Gitaa likae ndani ya kasha gumu lililofungwa, na pakiti za kudhibiti unyevu za asilimia 49, zibadilishwe zikikauka kuwa ngumu au zikibaki majimaji. Legeza nyuzi kidogo kama halitapigwa mwezi mzima, na zifute kila baada ya kupiga, kwani chumvi ya baharini hula chuma haraka.

Kama ni sauti unayotaka, tafuta kuukuu lililopakwa upya, ulipe nusu, wala usione haya. Kama ni uwekezaji, kumbuka kwamba bei hizi zilipanda sana hadi 2008, kisha zikaporomoka. Gitaa halikuletei kodi ya mpangaji kila mwezi kama nyumba ya Nyali, mtaa wa kifahari wa Mombasa. Vyovyote vile, fungua kabla ya kulipa. Kwenye poti za sauti (vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti) kuna namba ya mtengenezaji na tarehe: 304 6610 ina maana kampuni ya Stackpole, mwaka 1966, wiki ya 10; 137 ikitangulia, ni kampuni ya CTS. Poti za 1972 ndani ya gitaa la "1964" zinahitaji maelezo. Gibson yenye maneno MADE IN USA yaliyogongwa nyuma ya kichwa, chini ya namba, ni ya 1970 kuja huku. Mwangaza wa taa ya urujuanimno huifanya vanishi ya zamani ing'ae rangi ya manjano-kijani. Sehemu iliyopakwa juzi hubaki nyeusi.

La mwisho ni forodha. Mbao ya Dalbergia nigra ya Brazil, ile inayoabudiwa na wakusanyaji, ambayo Martin waliitumia kwa kawaida hadi 1969, imo tangu 1992 kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mpingo wetu ni ndugu yake wa jenasi moja, lakini ala zilizokamilika za mpingo zilipewa nafuu mwaka 2019. Za nigra hazikupewa. Gitaa kama hilo linahitaji cheti cha nchi linakotoka kinachoonyesha kwamba mbao ilipatikana kabla ya katazo, na upande wa Kenya wa kuulizwa ni KWS, shirika la wanyamapori. Hati hiyo huombwa kabla gitaa halijapanda ndege. Likishafika uwanja wa ndege wa Moi International, Mombasa, bila karatasi, umri wake wote huo hauna wa kumshawishi.