Madai na haja: maana yake kwenye kolabo ya muziki

Prodyuza wa Mwanga, Kigoma, anasema: "Nataka nusu ya wimbo." Hilo ni dai. Haja ni kile kinachomsukuma kudai: pengine biti imemla siku nne bila malipo na kodi ya studio imefika. Watafiti wa majadiliano huvitenganisha viwili hivi kwa sababu madai yanaweza kugongana huku haja zikipishana bila kuguswa. Mary Parker Follett wa Marekani aliliandika wazo hili miaka ya 1920. Roger Fisher na William Ury wa Harvard wakalieneza kuanzia 1981.

Kwenye muziki haja hujificha upesi, kwani wimbo mmoja ni mali mbili: utunzi, yaani maneno na melodia, na rekodi yenyewe, ambayo studio wanaiita masta. Kila moja ina asilimia 100 zake. Anayedai "nusu" aulizwe kwanza: nusu ya ipi?

Tuseme wako watatu. Kwenye utunzi, prodyuza anataka asilimia 50, mwimbaji wa beti 50, wa kiitikio 20. Jumla 120, kikao kimekwama. Hapo wengi huanza kuvutana, "punguza kidogo," na ndipo watu hununiana. Afadhali kuuliza: hiyo 50 inafidia nini? Akisema ni gharama za studio, shilingi 300,000, basi alipwe hizo kwanza kutoka mapato ya masta, kisha kinachobaki kigawanywe. Utunzi sasa unaweza kukaa 30, 45 na 25. Mpiga gitaa aliyelipwa kwa siku hana asilimia, ila asaini kwamba amelipwa.

Yaandikwe siku hiyohiyo, kabla wimbo haujatoka studio: majina kamili, si ya jukwaani tu, asilimia za utunzi peke yake na za masta peke yake, tarehe, saini. Kungoja ndiko kunakoharibu. Wimbo ukishaanza kupigwa kwenye bajaji za Ujiji, kila mmoja anaona sauti yake ndiyo iliyoubeba. Na kila mtu akisajili asilimia zake kivyake, jumla ikapita 100, malipo yanaweza kuzuiwa hadi wapatane.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, hulinda kazi ya watunzi wa pamoja miaka 50 baada ya kifo cha aliyebaki wa mwisho. Kwa hiyo kila mmoja achukue nakala ya karatasi akaitunze nyumbani. Picha ya kwenye simu haitoshi.