Tumbawe laini likijifunga, usikimbilie dawa

Picha ninayotumiwa mara nyingi kuliko zote ni ya Sarcophyton, lile tumbawe laini lenye umbo la uyoga linalofugwa kwenye matangi ya maji ya bahari, likiwa limesinyaa na polipu zote, yaani vile vinywa vyake vidogo vyenye mikono, zimejificha. Chini yake neno moja: "Linakufa?" Aghalabu halifi. Linajivua ngozi.

Ngozi yenyewe ni utando mwembamba unaong'aa kama nta. Kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, tumbawe hufunga polipu, kichwa kikapauka, na mwani ukatua juu yake. Kisha utando hubanduka vipande vipande na polipu huchomoza tena, kila moja na mikono yake minane. Wewe elekeza mkondo wa maji upite juu ya kichwa uukokote utando huo, basi. Mimi la kwanza nililiua kwa huruma: siku ya tatu nikabadilisha nusu ya maji, nikalisogeza karibu na taa, nikamimina iodini humohumo tangini. Halikufunguka tena.

Kuoza ni habari nyingine, na huanzia chini. Chunguza shina pale linapogusana na jiwe, mahali ambapo mkondo haufiki na uchafu hurundikana. Ukiona doa la kahawia au jeusi, ligonge taratibu kwa kijiti. Nyama nzima hurudi kama mpira. Iliyooza hufuata kijiti kama uji. Linuse pia. Tumbawe lenye afya lina harufu kali ya bahari, lakini lililooza hunuka yai viza.

Hata hivyo, wembe usitangulie vipimo. Anza na chumvi: sehemu 35 kwa elfu, yaani uzito linganishi wa karibu 1.026 kwenye refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi. Kifaa hicho kirekebishe kwa maji ya kipimo ya sehemu 35, si kwa maji yasiyo na chumvi, kwani kinaweza kusoma sifuri sawasawa na bado kikakudanganya huko juu. Joto nyuzi 24 hadi 27 linatosha. Naitreti, kirutubisho kinachobaki majini kutokana na uchafu, watu huiogopa bure. Naona matumbawe laini mengi yakidhoofika kwenye maji yaliyochujwa hadi naitreti na fosfeti zikawa sifuri. Hiyo ni njaa.

Angalia na majirani. Matumbawe laini hupigana kwa kemikali yanazozimwaga majini, ndiyo maana mkaa wa kuchujia haukosekani kwenye matangi yangu. Usiku mulika kwa tochi: wapo konokono wasio na gamba wanaokula nyama ya tumbawe huku wamefanana nalo rangi.

Kama ni kuoza kweli, kata siku hiyohiyo. Vaa glavu na miwani ya kinga, hasa kama mna zoanthidi tangini, wale jamaa wa matumbawe wanaoota kama vifungo, maana baadhi yao hubeba sumu ya palitoksini, na hiyo si ya kufanyiwa mzaha. Fanya kazi kwenye bakuli la maji ya tangi, kamwe si ya bomba. Kwa wembe mpya, pita kwenye nyama nzima, kama sentimita moja juu ya doa, mpaka ndani pawe peupe na pagumu pote. Ukibakiza ukahawia kidogo, umepoteza kazi. Kisha kitumbukize kipande kizima cha juu kwenye bakuli la pili la maji ya tangi yaliyotiwa iodini ya matumbawe kwa kipimo cha kwenye chupa, dakika 10 hivi, ukisuuze kwenye bakuli la tatu. Maji ya bakuli zote mwaga.

Gundi haishiki kwenye ute. Mimi hukilaza kipande juu ya kokoto na kukifunika kwa wavu laini uliolegea, mahali penye mkondo wa wastani na mwanga hafifu, na kubadilisha mkaa. Ndani ya wiki moja au mbili jeraha hufunga na shina huanza kung'ang'ania kokoto. Ukahawia ukirudi kabla ya hapo, toa bakuli tena, ukate juu zaidi.