Prodyuza wa Katuni Si Mwenye Hela

Muulize kijana wa Bagamoyo anayechora katuni prodyuza wake ni nani, atakujibu: "Bado natafuta mwenye hela." Jibu ni hilohilo kwa wanaosoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, na kwa wanaojifunzia kwenye simu huko Magomeni, na wazazi wao nao wanalirudia. Imetosha sasa. Imani hii inawafanya vijana wenye mikono mizuri wakae miaka wakimsubiri tajiri, na tajiri akipatikana wanampa kiti asichokiweza.

Tazama kazi ya prodyuza inavyofanyika kwenye studio ya umma. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada ilianzishwa mwaka 1939 na inaendeshwa kwa fedha za umma zinazopitishwa na bunge. Prodyuza wa pale ni mwajiriwa, hana senti yake ndani ya filamu. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo walianza kwa kuchora. Michael Fukushima aliongoza katuni yake, Minoru: Memory of Exile, iliyotoka 1992, baadaye akawa prodyuza, kisha mkuu wa studio ya katuni ya upande wa Kiingereza. Marcy Page alikuwa animeta, yaani mchoraji wa katuni zinazotembea, Marekani kabla ya kuwa prodyuza Kanada. Ni mmoja wa maprodyuza wa Ryan, iliyopata Oscar mwaka 2005, na The Danish Poet, iliyoipata mwaka 2007. Hii ya pili ni kazi ya Kanada na Norway kwa pamoja, kwa hiyo kulikuwa na pande mbili za kuridhisha kwa mikataba na hesabu. Watu kama hawa wanahitajika kwa sababu wakiutazama mchoro wanajua utakula muda gani.

Hesabu yenyewe ni hii. Filamu ina fremu, yaani picha tuli, 24 kwa sekunde. Kila mchoro ukikaa fremu mbili, sekunde moja inataka michoro 12 na dakika moja inataka 720. Katuni ya dakika tano yenye mhusika mmoja tu asiyetulia ni michoro 3,600. Animeta akikamilisha sekunde mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, sekunde 300 zitamchukua wiki 30, na hapo bado kusafisha mistari, kupaka rangi, kuchora mandhari na kumalizia sauti. Mwenye hela asiyeijua hesabu hii atadai filamu baada ya miezi miwili, na kijana atakubali kwa kuwa ndiye anayelipa. Prodyuza aliyewahi kuchora atafungua stori bodi, yaani picha zinazopanga hadithi tukio kwa tukio, akute soko la samaki lenye watu 40 wanaotembea, aseme: tuonyeshe mikono ya muuza samaki peke yake, umati tuusikie kwa sauti. Wiki kadhaa za kazi zimeokolewa, na tukio limekuwa zuri zaidi.

Sehemu kubwa ya kazi yake iko kabla ya uchoraji kuanza. Baada ya stori bodi inakuja animatiki, yaani picha hizo zilizopangwa kwa muda wake halisi pamoja na sauti. Pa kukata ni hapo. Ukiondoa sekunde 20 kwenye animatiki, umepoteza asubuhi moja. Ukiziondoa baada ya kuchorwa, umetupa michoro 240. Animatiki ikikubaliwa inafungwa kwa maandishi, mwongozaji anasaini, na atakayetaka kubadili baada ya hapo anaonyeshwa gharama kwanza. Shoti, yaani vipande vya filamu kati ya mkato na mkato, zigawanywe kuwa nyepesi, za wastani na nzito, kila kundi lipewe bei yake kwa sekunde, na asilimia 10 ya bajeti iwekwe kando kwa dharura. Halafu mikataba: mwandishi, waigizaji wa sauti na, kwa msisitizo, wanamuziki. Ngoma ya watu ikiingia kwenye filamu bila karatasi, televisheni itakayoitaka filamu itakuuliza haki ziko wapi, na hutakuwa na jibu. Filamu ya kuonyeshwa hadharani nayo inapita kwanza Bodi ya Filamu Tanzania. Siku hizo ziwekwe kwenye ratiba.

Mwenye hela ana nafasi yake: awe mfadhili. Kiti cha prodyuza mpe mchoraji mwenzako anayemaliza anachoanza, hata kama nauli ya kwenda Dar anakopa.

Wapo watakaopinga: "Mchoraji akiwa prodyuza ameacha sanaa." Hapana. Kila wiki anakagua shoti zilizokamilika: mhusika ana uzito, mguu hautelezi sakafuni, macho yanatangulia kichwa kinapogeuka? Kosa la animeta aliyepanda cheo ni kinyume chake: kumnyang'anya mwongozaji penseli. Aseme kasoro iko wapi, arudi mezani kwake.

"Sauti zinawekwa mwisho." Kwa mazungumzo, rekodi kwanza, chora baadaye. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, hivyo mdomo hufunguka mara kwa mara, na jicho la mtazamaji hukamata upesi mdomo uliochelewa. Herufi m, b na p lazima midomo ikutane. M ya "mtu" ni silabi kamili: iache midomo imefungwa fremu mbili au tatu, ukiiruka neno zima linaonekana limekatwa.

"Katuni ni za watoto." Minoru inahusu Wakanada wenye asili ya Japani walioondolewa makwao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ryan inamhusu mchoraji aliyeishia kuombaomba barabarani. Inatosha.

"Kompyuta inachora yenyewe." Kompyuta inarenda, yaani inageuza kazi iliyochorwa kuwa picha kamili za filamu, na hata hapo inataka akili ya mtu. Usirende filamu nzima kuwa faili moja la video. Renda fremu mojamoja za PNG (aina ya faili la picha) zenye namba, kila shoti kwenye folda yake. Umeme ukikatika usiku baada ya fremu ya 900 kukamilika, asubuhi unaendelea na 901. Tunza nakala tatu: moja kwenye mashine, moja kwenye diski ya nje, moja nyumba nyingine. Na hapa ufukweni hewa ya chumvi inakula viunganishi vya shaba, kwa hiyo diski ikae kwenye kopo linalofunga vizuri, isiachwe dirishani.