Likizo ya mashambani na pwani ya Uingereza: yanayosemwa na yalivyo

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda likizo mashambani Uingereza, atakuuliza kwanza habari ya mvua. Si hunyesha kila siku kule? Vipimo havisemi hivyo. London hupata takriban milimita 600 kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam hupita 1,000. Ila mvua ya kule haina masika. Ni manyunyu ya kuja na kuondoka, Januari hadi Desemba. Inategemea pia unakokwenda: Seathwaite, kwenye milima ya Lake District, hupita milimita 3,000. Beba koti la mvua, basi. Mimi naona kinachowaharibia wageni likizo mara nyingi ni saa, si mvua.

Mwingine atasema: "Mimi mtu wa pwani, bahari naijua." Hapa ndipo ninapopata wasiwasi. Mombasa au Unguja, siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa ni kama mita 4. Kwenye mlango wa mto Severn, magharibi mwa England, hufika mita 14. Pale Weston-super-Mare maji yakipwa hurudi nyuma mbali sana na kuacha tope linalonasa miguu ya mtu mzima. Morecambe Bay, ghuba ya kaskazini-magharibi mwa England, ni hatari zaidi: Februari 2004, wahamiaji wa Kichina wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kombe walizingirwa na maji usiku wakafa. Na barabara ya kwenda Holy Island, Northumberland, hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku. Saa salama za kuvuka zimebandikwa pale pale, na bado magari hukwama. Kwa hiyo angalia jedwali la maji kabla hujapanga hata chakula cha mchana.

Baridi nayo. Hata Agosti, bahari ya kusini huwa kama nyuzi 17 hivi. Ukijirusha ghafla pumzi hukatika, hata kama umekulia majini. Ingia taratibu, na uogelee katikati ya bendera za nyekundu na njano, ndiko waliko waokoaji. Likitokea la kutokea, piga 999 uombe Coastguard, kikosi cha uokoaji baharini. (Anayetaka mchanga asiende Brighton, kule ni kokoto tupu. Bournemouth au Cornwall.)

Wengine hudhani bila gari huendi kokote. Si kweli: treni ya London hadi Brighton ni kama saa moja, na tangu 2025 nauli ya mabasi mengi ya England haizidi paundi 3 kwa safari. Tatizo ni basi la mwisho, ambalo vijijini huondoka mapema, na Jumapili huenda lisiwepo kabisa. Jumapili hiyo hiyo sheria huyaruhusu maduka makubwa kufungua kwa saa sita tu. Mwanga nao hudanganya: mwishoni mwa Juni, kusini, Maghrib huingia baada ya saa 3 usiku, jikoni za baa na mikahawa mingi zimeshafungwa, na Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni. Ukiokolewa na duka la samaki na chipsi, uliza wanakaangia mafuta gani. Hasa kaskazini, wengi hukaangia mafuta ya ng'ombe, na kwa anayekula halali hata chipsi zenyewe zina swali.

Wengine huogopa kwamba wakitembea mashambani watafukuzwa: ardhi karibu yote ina mwenyewe, ndiyo, lakini England na Wales zina kilomita zipatazo 225,000 za njia za umma zinazokatiza katikati ya ngano na malisho, na mwenye shamba hawezi kukuzuia kupita. Kwenye vibao vya njia hizo, mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu. Wa buluu huruhusu farasi na baiskeli pia. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ng'ombe mwenye ndama, mpishe mbali.

Aliyezoea lango la Serengeti au Maasai Mara atalitafuta la Peak District asilione. Hifadhi hiyo ya taifa, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa 1951, haina kiingilio, na ndani yake watu wana nyumba, shule na baa zao. Utalipia maegesho. Hema je? England na Wales kwa kawaida ni kwa ruhusa ya mwenye ardhi, isipokuwa sehemu za Dartmoor, kusini-magharibi mwa England, ambako Mahakama ya Juu iliithibitisha haki ya kupiga hema bila ruhusa hiyo mwaka 2025.