Kuchora si kipaji cha kuzaliwa nacho

Kila nikionyesha kazi za wanafunzi wangu wa mtandaoni, lazima atokee mtu aandike: "Hongereni, ila mimi sikujaliwa kipaji." Wiki hii ameandika hivyo mama mmoja mstaafu, na papo hapo akakiri kwamba hajashika penseli ya kuchorea tangu shule ya msingi. Mama yangu, umejuaje sasa?

Kuchora kunaanzia machoni. Weka kikombe cha bati mezani, ukichore. Karibu kila anayeanza huuchora mdomo wake kama duara kamili, halafu kitako anakipigia mstari ulionyooka. Anajua mdomo ni duara, anajua meza ni bapa, basi anachora anachokijua. Akitulia akatazama, ataona mdomo umebanwa ukawa duaradufu, na kitako nacho kimepinda, tena kimepinda kuliko mdomo kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa macho. Hilo mtu huonyeshwa, akasahau, akaonyeshwa tena, likamkaa. Hakuna anayeshindwa kukuna nazi siku ya kwanza akatangaza kwamba hakujaliwa kipaji cha mbuzi.

Rangi nazipitia haraka. Kivuli usikitie nyeusi ya kwenye tyubu; changanya ultramarini, ile bluu iliyokolea, na sienna iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, upate kijivu chenye uhai. Rangi za maji hufifia zikikauka, akriliki hukolea. Usiihukumu picha ikiwa bado mbichi.

Linalonikera hasa ni jinsi watu wanavyodhani kujiamini kunapatikana. Mtu anatuma picha kwenye kundi, anamiminiwa mioyo na "nzuri sana!", na kesho yake bado anaogopa karatasi nyeupe. Ataachaje kuogopa? Yeye mwenyewe ameona kikombe chake kimeinama, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Mwanakundi mmoja aliwahi kusifiwa hivyo picha baada ya picha, hadi dada mmoja akamwandikia: "Kaka, dirisha lako liko kushoto, mbona kivuli nacho kimeangukia kushoto?" Akakaa chini akairudia. Akakipeleka kivuli kulia, akakikoleza pale kitako kinapogusa meza na kukilegeza kadiri kinavyokwenda mbali. Kikombe kikakaa mezani. Alituma picha zote mbili pamoja bila kuomba maoni ya mtu, na furaha yake ilisomeka hata kwenye alama za mshangao. Sasa alijua amerekebisha nini, na angeweza kukifanya tena peke yake. Kujiamini ninakokusema mimi ndiko huko.

Ila ukitaka kusahihishwa kwa haki, piga picha vizuri! Ukipiga usiku chini ya balbu, karatasi inatoka ya manjano. Hata mchana, simu ikikutana na karatasi nyeupe tupu huipunguzia mwanga ikatoka ya kijivu, kisha watu wanakuambia rangi zako zimepauka. Sogea karibu na dirisha, jua lisiipige karatasi moja kwa moja, ongeza mwanga kidogo kwenye simu. Nimeona watu wakiharibu kazi nzuri kwa kusahihisha kosa la kamera.

Wanaoendelea kusema sanaa ni ya waliozaliwa nayo, wamtazame mchoraji wa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga. Alitoka Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam, na alipoanza kuchora karibu na mwaka 1968 alikuwa mtu mzima ambaye hakupita chuo chochote cha sanaa. Alitumia mbao laini za kubandika ukutani na rangi za kung'aa za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini kazi haikufa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwaweka pembeni yake ndugu na jamaa kama Ajaba, Linda, Mpata na Tedo. Walijifunza kwa kutazamana na kusaidiana, na kutoka kwao ikakua shule nzima ya uchoraji. Wote hao walizaliwa na kipaji kilekile, kwa bahati tu?

Nina shaka zangu. Wapo wanaoona mapema kuliko wenzao, sitalikana hilo, na sijui kwa nini. Sifa tupu nazo siwezi kuzitupa zote, maana wapo ambao bila mioyo ile ya mwanzo wasingetuma picha ya pili. Na wapo wasiotaka kusahihishwa kabisa. Wanataka saa moja ya rangi baada ya kazi, waoshe brashi, walale. Hao zamani nilikuwa nawasukuma. Siku hizi nawauliza kwanza: "Nikuambie ninachokiona, au nitazame tu?" Wengi hujibu nitazame tu. Wiki chache baadaye, baadhi yao hurudi wenyewe kuuliza kuhusu kivuli.